Mjomba, Sasa Sifumbi Macho

Mjomba,

Salamu zikufikie huko uliko. Usinicheke kwa nitakayokwambia, ingawa najua ungecheka.

Tangu homa ikuchukue, wazee wa kisiwa chetu cha Koyama wamenikabidhi bunduki yako, ile kubwa ya risasi moja moja, nilinde bandari dhidi ya majambazi wa baharini. "Wewe ndiye mpwawe," wakasema, basi. Hakuna aliyeniuliza kama naiweza. Wallahi nilikuwa naiogopa kuliko hao majambazi wenyewe. Inapiga teke la punda! Kila nikigusa kifyatulio nilifumba macho na kukaza bega kabla haijalia. Siku ya majaribio nililenga dumu, nikatoboa sufuria ya Bi Khadija jikoni kwake. Bahati alikuwa ameinuka punde tu kufuata chumvi. Watu walicheka, mimi nilikwenda kujificha nyuma ya msikiti.

Ulikuwa ukiniambia, "Mchu hafi kwa mlio." Nilijua mlio hauui mtu. Bega langu halikujua.

Aliyeniponya ni mkeo. Eda ilipokwisha tu, Bi Mwana akawa ananipeleka ufukweni kila asubuhi, ananigeuza nimpe mgongo, anaijaza bunduki yeye. Mara atie risasi, mara atie ganda tupu la risasi, haniambii. Mara ya kwanza lilikuwa ganda. Tak! Na mdomo wa bunduki ukachimba mchanga. Hakukuwa na mlio wala teke, ni mimi tu niliyeinyakua chini. Aibu iliyoje! Akasema, "Wanyakua kama samaki kala chambo. Huo si mshipi, mwanangu. Vuta kama una taza."

Ndivyo tulivyolelewa: samaki akigusa mshipi, mkono unanyakua. Lakini taza, yule samaki wa kunata tunayemfunga uzi mkiani akatukamatie kasa, ukimnyakua anaachia. Unavuta polepole, hujui kasa ataibuka saa ngapi. Nikavuta hivyo. Bunduki ikalia nami bado natazama. Dumu likatoboka, nikalia kama mtoto.

Sasa sikia lililonileta kwako. Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya alasiri, mashua ilitokea upande wa kisiwa cha Chovae. Unajua mwenye kuja kwa heri huinua shuka nyeupe. Hii haikuinua kitu, na mashine inakuja mbio. Nikalala kifudifudi, nikamlenga aliyekaa mbele. Mkono umetulia. Nikaanza kuvuta, polepole, kama nilivyofunzwa.

Macho yalikuwa wazi, Mjomba. Nikaona kanga. Kisha nikaona uso.

Alikuwa Amina, binti yako, anatoka Mombasa kuja kuzuru kaburi lako. Aliondoka hapa mdogo, hajui habari ya shuka. Kidole changu kilikuwa kimeshapita nusu ya njia. Nilikiondoa kwa mkono mwingine, kilikataa kunyooka.

Jioni ile alinipakulia wali kwa mikono yake, akanishukuru kwa kumlinda mamake. Nikamrudishia sahani bado imejaa.

Hajui. Hakuna anayejua ila wewe. Nakuahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, kidole kitakaa nje ya kifyatulio mpaka niuone uso wa mtu, hata kama nitachelewa, hata kama nitakufa mimi. Na Amina nitamwambia mwenyewe kabla hajarudi Mombasa.

Mungu akulaze pema, Mjomba wangu. Naogopa sana. Zamani niliogopa mlio na teke; sasa naogopa kutokosa shabaha.

Mpwao,
Shee