Koti la Buluu Kwenye Benchi

Tarehe 3 Agosti
Leo ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu nitoke nyumbani.

Kwa mke wangu mpendwa, Mama Pacha,

Salamu nyingi sana. Mimi ni mzima wa kuvumilia, ila magoti. Wewe u hali gani, na pacha wetu hawajambo? Yule wa kwanza bado anamfinya mwenzake? Mwambie baba anaona mpaka huku.

Kazi ni ile ile. Ndani ya ghala la baridi tunavaa makoti mazito, tunashusha maboksi ya kuku walioganda kama matofali, halafu tukitoka nje jua linatupiga kofi. Mwili haujui ucheke au ulie. Msimamizi ameniita. Anasema mkataba wangu unaisha mwisho wa Novemba, na nikitaka miaka miwili mingine niweke sahihi kabla ya hapo. Nimemwambia nitafikiri. Wewe unasemaje? Nisingependa tuliseme hili kwenye simu, maana chumbani tuko wanane, na kila mmoja ana masikio mawili ya kwake na moja la kuazima.

Sasa lile lililonishikisha kalamu. Msimu wa mpira wa kikapu unakaribia, na Kinyozi amenitumia video ya mazoezi ya timu yetu. Jumapili ya mwisho ya Septemba watu watakusanyika mbele ya duka lake kwa ajili ya Kupima Benchi, na kile kigoda cha kusimamia ni changu. Watano wanaoanza hata mbuzi anawajua. Timu hujulikana kwa wale waliokaa. Miaka mingi nimesimama juu ya kigoda kile nikiwapima wachezaji wa akiba mmoja mmoja, na kocha mwenyewe huegemea nguzo ya taa akijifanya hasikii. Mwaka jana sikuwepo, akapanda Fundi Saa, akasema wote ni wazuri! Huo si upimaji, hiyo ni harusi. Kwa hiyo mwaka huu nitaandika mimi, nawe utanisomea.

Ila kuna mmoja simjui. Ni mrefu, akikaa ni kama mtu mwingine aliyesimama. Kwenye video yuko mwisho wa benchi, na nyuma yake, pale ukutani ninapokaa mimi siku zote, umekaa wewe, unacheka mpaka umeshika mbavu. Sijakasirika. Nauliza tu. Na lile koti la buluu alilovaa nimelifananisha na langu.

Nijibu mapema.

Mume wako,
Baba Pacha


Tarehe 20 Agosti

Baba Pacha,

Salamu zimefika, na zetu pokea. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni mpaka chungu kikaungua. Sisi wazima. Pacha wamekua, viatu vyote vimewabana. Hayo magoti yakande kwa maji ya moto, na uache kushindana na vijana kubeba.

Huyo mrefu wanamwita Ngazi. Ni seremala, amehamia mtaa wa nyuma yetu. Na koti ni lako, hukulifananisha. Mvua ilinyesha siku ya mazoezi, naye alikuja na fulana tupu, nikaenda nyumbani nikamletea. Koti ni la kuvaliwa na mtu. Mwaka mzima limevaliwa na msumari, na msumari hausikii baridi.

Nilikuwa nacheka kwa sababu Mzito wenu wa benchi alirudi kinyumenyume akaikalia ndoo ya maji ya timu. Ungekuwepo ungecheka kunishinda.

Unaniuliza habari ya mkataba. Ulipoondoka ulisema mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, ukasema mpaka Novemba. Sasa unaniuliza mimi. Mimi nilikujibu siku ile ulipofunga begi, na jibu langu halijabadilisha nguo.

Kuhusu Ngazi, nikimpima mimi: anajua kukaa benchi. Hanuni. Huwapa wenzake maji kabla hajanywa. Akiingia, mpira ukigonga ubao na kurudi, mikono yake imeshafika wakati wengine bado wanainua macho. Mitupo huru ndiyo janga, humpiga mpira yule aliyekaa nyuma ya goli. Tena ametubadilishia taa ya sebuleni bila kupanda kiti. Pacha wakampigia makofi.

Andika upimaji wako, nitausoma.

Mke wako,
Mama Pacha


Tarehe 6 Septemba

Mama Pacha,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Taa ile niliiacha nzima.

Hapa chini ndio upimaji. Usomwe wote bila kurukwa neno. Unaikumbuka sheria niliyoiweka mwenyewe, mwaka ule Fundi Saa alipomsomea mtu akaruka mistari ya mpwa wake: anayesoma kwa niaba ya mwenzake anasoma kila kilichoandikwa.

UPIMAJI WA BENCHI

Fundi Bomba. Huyu ni moto wa karatasi. Akiingia anawaka, watu wanasimama, halafu mara moja ni majivu. Kocha asimlaumu kwa majivu, amtoe akiwa bado anawaka.

Karani. Anadunda mpira kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mkwewe. Wengi hawampendi kwa hilo. Mimi nampenda, kwa sababu hajawahi kunyang'anywa. Tukiongoza robo ya nne, aingie alale na mpira.

Mzito. Mnamcheka. Mimi simcheki. Ukikutana naye chini ya kikapu unakumbuka kila mtu uliyemkosea. Tatizo ni faulo. Anazimaliza kabla ya mapumziko kama mtoto aliyepewa karanga. Azile moja moja.

Ngazi. Urefu ni kazi ya mama yake, yeye hajaufanyia kitu. Nimemtazama kwenye video alipoingizwa, haruki. Mtu mrefu asiyeruka ni nguzo, na nguzo ya taa tunayo tayari, kocha anaiegemea. Asipewe jezi.

(Geuza karatasi.)

Mama Pacha, huku nyuma ni kwako peke yako. Nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Niko ndani ya baridi, nimebeba boksi, namwona mtu amevaa koti langu, amekaa mbele ya mke wangu, anawasha taa ya nyumba yangu, na wanangu wanampigia makofi. Vidole vinaganda, kifua kinachemka. Huyo hakuja kwa ajili ya mpira. Mtu mrefu huchungulia juu ya kila ukuta. Kama mmezoeana niambie, niweke sahihi ya miaka miwili nibaki na kuku wangu walioganda. Wao hawacheki na mtu.

Mume wako, kama bado,
Baba Pacha


Tarehe 8 Oktoba

Mama Pacha,

Hamjambo? Simu yako inaita mpaka inachoka. Upimaji ulisomwa? Nimemuuliza Kinyozi, anasema, "Subiri barua, ndugu yangu." Kinyozi huyo huyo ambaye hawezi kutunza siri mpaka nywele ziote!

Na jana Fundi Saa, ambaye hajawahi kunipigia tangu nizaliwe, amenipigia kunipa pole. Nikamwuliza, pole ya nini? Akakata.

Msimamizi ameuliza tena habari ya sahihi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mume wako


Tarehe 20 Oktoba

Baba Pacha,

Salamu. Watoto wazima. Mimi ndiyo leo nimepata mkono wa kuandika, kwa hiyo nivumilie.

Upimaji wako ulisomwa. Watu walijaa mpaka barabarani. Nikapanda kigoda, nikasoma Fundi Bomba, wakacheka, naye mwenyewe akainuka akainama kama mfalme. Nikasoma Karani, nikasoma Mzito. Walikubali, wakasema, "Huyu jamaa yuko mbali lakini jicho liko hapa." Nilipofika kwa Ngazi wakamgeukia. Alikuwa amekaa mbele kabisa, kwenye kreti, na koti lako mabegani, maana asubuhi ile kulikuwa na ubaridi. Nilisoma mpaka "asipewe jezi," nikakunja karatasi nishuke.

Fundi Saa akapaza sauti. "Mama Pacha, mbona naona wino upande wa pili?"

"Ya nyuma ni yangu," nikamwambia.

"Aa-aa! Sheria ni ya nani? Si ya mumeo? Mimi aliniaibisha kwa sheria hiyo hiyo. Kila kilichoandikwa!"

Wakaanza kupiga makofi, "Nyuma! Nyuma!" kama wako uwanjani. Ningeweza kukataa, Baba Pacha. Ningeweza kuitia kifuani nikaenda zangu. Lakini hasira ilinishika. Nilisema moyoni, acha wasikie anavyonidhania. Nikageuza karatasi, nikasoma. Nilisoma mpaka kwenye kuku.

Hakuna aliyecheka. Hata Mzito. Kinyozi alizima mashine, kichwa cha mtu kikabaki nusu. Ngazi akasimama taratibu, akavua koti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kigoda karibu na miguu yangu. "Shemeji," akasema, "mwambie kaka nashukuru, lilinifaa." Akaondoka. Jezi ya mazoezi akamrudishia kocha siku hiyo hiyo.

Mechi ya kwanza tumepigwa. Mipira ilikuwa inarudi kutoka kwenye ubao inaanguka ovyo kama maembe yasiyo na mwenyewe. Kila ikianguka watu walikuwa wanageuka kunitazama mimi.

Umeniuliza, nitakujibu. Ukiniuliza kama anapendeza, anapendeza, nina macho. Ukiniuliza kama nilimtaka, ningekuambia kabla ya kumpa koti, unanijua. Ila nilifurahi siku ile ya taa. Nilifurahi kusikia sauti ya mtu mzima sebuleni ikisema, "Haya, jaribuni kuwasha." Basi. Hilo ndilo kosa langu, lipime.

Na kuna jambo jingine, heri ulisikie kwangu. Ngazi alipoondoka nilitaka kushuka, wanawake wakasema, "Usishuke, pima wewe!" Nikawaambia sawa, lakini mmesahau mchezaji mmoja wa akiba. Nikakupima wewe.

Nilisema: "Baba Pacha. Nguvu anazo, sauti anayo, na jicho lake ni kali, ila likiingiwa na wivu halioni tena mpira. Amekaa nje muda mrefu mpaka anadhani kukaa ndiyo kazi. Kila mara anamwuliza kocha, niingie, nisiingie? Kocha amechoka kujibu. Mchezaji wa namna hii ama afunge kamba za viatu aingie, ama avue jezi, asiwachungulie wenzake tu."

Kinyozi akauliza, "Na kocha wake ni nani?"

Nikasema, "Mimi."

Hapo ndipo walipocheka. Kigoda wamenipa mimi, mpaka mwakani.

Koti liko kwenye msumari.

Mama wa watoto wako


Tarehe 9 Novemba

Kwa mke wangu, Mama Pacha,

Salamu zangu pokea, na wanangu wabusu vichwani. Mimi nipo.

Barua yako nimeisomea ndani ya ghala, katikati ya maboksi, kwa sababu pale ukitoa machozi unaweza kusema ni baridi. Nimeisoma mara nyingi. Sina cha kupinga. Kigoda ndicho kimeniuma. Hata kigoda! Kinyozi anasema umepima vizuri kunishinda, na amelisema bila kuulizwa.

Nimefanya hivi. Nimeitazama ile video tena. Nimezima sauti, na wewe nimekufunika kwa kidole gumba, ili nimwone yeye peke yake. Kumbe haruki kwa sababu hahitaji. Anasoma mpira unapoelekea, anatangulia, anausubiri. Na mpira ukitoka nje, yeye ndiye anayeinuka benchi kuufuata, wakati wengine wanajifanya hawajauona. Nilikuwa na macho, lakini yote mawili yalikuwa kwenye koti.

Kwa hiyo nakuomba, wewe mwenye kigoda sasa, usome haya mbele ya watu, kwa kuwa nilimvunja mbele ya watu. Anza kusoma hapa:

Ngazi. Mikono yake inafika kabla ya mpira. Mitupo huru afundishwe, asimame kwa utulivu, apinde magoti, aache kulitazama goli kama linamdai. Benchi letu halina mtu kama yeye. Nilimpima nikiwa na hasira, na hasira haina mizani. Arudi, apewe jezi.

Mwisho wa kusoma. Hapa chini ni kwako, na Fundi Saa akidai, msomee pia, sijali.

Bado simpendi. Kumpima mtu ni kitu kimoja na kumpenda ni kingine. Nikikumbuka yale makofi ya watoto bado kifua kinachemka, na sidhani kitapoa kwa barua. Wenzangu chumbani wameshajua yote, wananiita Kipimo. Mzee mmoja wa hapa, ambaye amekuwa akiongeza miaka miwili miwili mpaka wanawe wameoa, alinisikiliza akaniambia, "Mwanangu, mimi siku hizi hata wivu sina." Neno hilo lilinitisha kuliko jambo lolote uliloandika.

Jana msimamizi alinisukumia karatasi ya mkataba juu ya meza. Nikaisukuma ikarudi kwake. Akasema, "Fikiri vizuri." Nikamwambia kocha ameita.

Kazi yangu inaisha mwisho wa mwezi huu. Nguo nimeshaanza kufua. Magoti ni yale yale, usitegemee mtu mpya.

Koti liache kwenye msumari, nitalitoa mwenyewe nikifika. Na taa ya sebuleni ikiungua kabla sijafika, tafadhali msimwite mtu mrefu. Washeni mshumaa mnisubiri. Nitaingia Jumamosi, tarehe 5 Desemba, mchana, na nitapanda kiti.

Mume wako,
Baba Pacha