Yaya, niligusa mstari wa kumi na saba

Yaya Bahati, mkubwa wangu,

Umeme umekatika tangu saa nne asubuhi, njo maana nimepata nafasi ya kukuandikia. Kompyuta zako sita nimezifunika vitenge kama wagonjwa. Mi niko barazani na cherehani, nashona sare za kwaya. Wanataka kola za zambarau. Sijauliza kwa nini, nimechoka kuuliza.

Ni miezi saba sasa. Kwenye seva yako, ile mashine inayoendesha mchezo wa vita, mtu akipigwa risasi anangoja sekunde tano, kisha anarudi na buti zake, na bunduki imejaa. We mwenyewe ulipanga. Mwanzoni zilikuwa ishirini, ukasema ishirini ni nyingi, mtu anaanza kuwaza. Siku ile nilipotoka hospitali Lilongwe nimebeba viatu vyako kwenye mfuko, nilijikuta nahesabu moja mpaka tano. Mi na akili zangu.

Kazi yako nimeirithi kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Nilikuwa najua kuwasha na kuzima tu. Mengine nimejifunza kwa kufungua lile faili lako la mipangilio na kulisoma mstari mmoja mmoja, na Kiingereza changu unakijua, ni cha kwenye pakiti za sabuni. Afadhali uliandika maelezo kando. "Hapa ni muda wa mchezo, usiongeze, bantu bako kwenye foleni." "Hapa anayempiga mwenzake wa upande mmoja, risasi inamrudia mwenyewe." "Hapa ni majina: atakayejiita jenerali au kundi lolote la porini, seva imuite Ndagala." Hiyo nilicheka peke yangu. Nilimkumbuka yule kijana wa kabaza, wa kubeba watu kwa baiskeli, aliyeingia kifua mbele na jina la kamanda, akatoka anaitwa kama dagaa wa Tanganyika. Mpaka leo njo jina lake barabarani. Abiria wanadhani alibatizwa nalo.

Mstari wa kumi na saba ndio unaowagawa wachezaji. Mashine inawatupa yenyewe kama kura, we mwekundu, we bluu, bila kumuuliza mtu, hata ikitokea wanne kwa wawili. Watu walilalamika sana, nakumbuka. Kando yake uliandika neno moja tu: "Acha." Nikadhani siku hiyo ulikuwa umechoka.

Sasa nikwambie nilichofanya.

Vita viliposhuka tena mpaka Uvira, kwetu Kongo, simu za watu hapa kambini Dzaleka zilijaa. Unajua habari za kwetu zinavyofika: kwanza picha, halafu sauti ya mtu analia, halafu majina. Vijana wakaanza kuja kwa makundi, wa kabila hili na wenzao, wa kabila lile na wenzao, na kila kundi linataka kucheza upande mmoja. "Mama Seva, tuachie tuchague." Njo jina langu sasa, na bado sijaolewa. Nilikataa wiki mbili. Wakahamia kwenye chumba kingine karibu na soko, ambako kila mtu anachagua anavyotaka. Viti vyako vikabaki vitupu, nikawa nasikiliza feni za kompyuta. Jumamosi moja, mchana, nikafungua faili nikabadilisha ule mstari. Nilifuta neno moja la Kiingereza, nikaandika lingine, kila mtu ajichagulie upande. Nikajiambia ni mchezo tu.

Chumba kilijaa siku ileile. Watano walichagua haraka. Kwenye kompyuta ya sita alikaa Mwalimu Zakaria, yule wa Kifaransa, anayecheza kwa vidole viwili na kupongeza kila anayemuua. Mama yake ni wa upande huu na baba yake ni wa upande ule, na ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanamtumia picha wiki ile. Skrini ikamuuliza: mwekundu au bluu? Na seva haianzi mpaka wote wamejibu.

"Mwalimu, chagua, bantu banangoja."

"Mi niko nasoma."

"Unasoma nini? Si maneno mbili tu?"

"Maneno mafupi njo ya kusoma polepole."

Wakacheka. Halafu mmoja akasema, naamini bila ubaya, "Mwalimu, kwani we iko wa wapi, kweli?"

Hapo kicheko kiliisha.

Yaya, swali hilo tuliulizwa sisi, siku tunakimbia, pale kwenye kizuizi cha kamba. Nilikuwa mgongoni mwako. Ukajibu kitu, kamba ikashushwa tukapita. Mpaka umekufa hukuniambia ulijibu nini. Ninachokumbuka ni shati lako lilivyolowa ghafla, nikadhani ni mimi nimekojoa, nikaogopa utanigombeza.

Zakaria akasimama. Alirudisha kiti chini ya meza, akaniambia "zikomo", asante ya Kichewa, kama vile mi ni mwenye duka Mmalawi wa Madisi aliyemuuzia chumvi, akatoka. Sikumuita. Mchezo ulianza na watu watano. Sikuwahi kuusikia ukipiga kelele namna ile.

Jioni hiyo nikaurudisha mstari ulivyokuwa. Wengi hawajarudi, sitakudanganya. Jana nikaenda mpaka kwa Zakaria, nikamkuta anapepeta mahindi.

"Nimerudisha ya Yaya," nikamwambia.

"Nani anapanga?"

"Mashine."

Akapepeta kidogo. "Mashine haina mjomba," akasema. Hakusema kama atakuja.

Leo asubuhi alikuja. Tulikuwa wawili tu chumba kizima. Nikawasha, na seva yako, Yaya, ikatutupa wote bekundu. Hakuna hata bluu mmoja. Mi nikataka kuzima tuanze upya, akasema, "Acha, tutembee." Basi tukatembea mle ndani ya mchezo na bunduki zetu kama watu wanaorudi shambani. Tukapita daraja, tukafika ghala, na nyuma ya ghala akanionyesha kijito kidogo chenye mawe, maji yanapita kweli. Miezi saba ninaendesha seva hii, sikukijua. Siku zote kabla ya kufika pale nakuwa nimeshauawa. Tulisimama hapo, hakuna wa kutupiga. Zakaria akaniambia, "Marehemu alikuwa fundi." Umeme ukakatika.

Njo habari zote. Wiki ijayo nitashuka Mchesi, kule Lilongwe, kutafuta kebo, ile ya kompyuta ya tatu imekufa, na wewe ungeitengeneza kwa mate na gundi, mi siwezi.

Pumzika, Yaya. Mstari wa kumi na saba sitaugusa tena, chumba kijae au tubaki na mwalimu kama leo. Na kwenye chumba chako hakuna atakayeulizwa tena ni wa wapi.

Mdogo wako,
Neema