Wifi Ameifunga Meza Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla sijatamka neno ambalo halitarudi mdomoni.

Ninahariri vitabu vya shule nikiwa nyumbani, kwenye meza ya umeme inayopanda na kushuka, kwa sababu tangu nipasuliwe mgongo siwezi kukaa muda mrefu, na mume wangu analijua hilo maana ndiye aliyekuwa akinivalisha viatu. Sasa dada yake amekuja kukaa nasi, na nyaya zangu zinamkosesha raha: "Wifi, huu utumbo utauacha unaning'inia hivi hata wageni wakija?" Juzi nikiwa jikoni akaingia, akazikusanya zote, wa skrini, wa kompyuta, wa mtandao, akazikaza kwenye mguu wa meza kwa vibanio vya plastiki kama mzigo wa kuni, meza ikiwa imeshuka chini kabisa. Nami bila habari nikaingia kikaoni na bosi, nikabonyeza kitufe nisimame, meza ikapanda, nyaya zikagoma, skrini ikalala kifudifudi, mtandao ukakatika katikati ya sentensi yangu. Nikamwandikia bosi kwa simu: "Samahani, ni wifi." Akajibu: "Badilisha kampuni."

Nilicheka mpaka nikalia. Vibanio nikavikata, jana wifi kafunga tena, kwa nguvu zaidi, meza ilipopanda skrini ikaanguka tena, na kioo chake kimepasuka. Bosi anasema mtandao ukinisumbua tena kazi atampa mwingine. Mume wangu, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Si alikuwa anakusaidia? Kaa tu kama watu wengine."

Kaa! Mshauri, nina wazimu mimi, au nyumba hii ndiyo ina wazimu?

Mhariri wa Wima

Mhariri, huna wazimu. Pole na mgongo. Lakini hasira yako unaimwaga pasipostahili.

Wifi yako kakosea kwa kutojua. Kufunga nyaya meza ikiwa chini ni kama fundi kukupima gauni umechuchumaa. Na wewe ulikata vibanio ukanuna, ukitaka akusome usoni! Ulimwonyesha lini meza ikipanda? Mwite leo. Ipandishe mpaka mwisho, ndipo mfunge, nyaya zikiwa zimelegea. Soketi ya nyongeza ibandikeni chini ya ubao wa meza ipande nao, ukutani ziende nyaya mbili tu, wa umeme na wa mtandao, tena ndefu. Mwache afunge yeye. Anapenda usafi, mpe kazi.

Mwenye kosa sijamfikia bado. Aliyekuvalisha viatu anajua kwa nini unasimama, na bado amekwambia ukae. Basi asimame yeye, mbele ya dada yake, aeleze kwa mdomo wake meza hiyo inapanda kwa ajili ya nini. Usimsaidie hata neno moja.

Kisha mpigie bosi umwambie ukweli. Na skrini ikianguka tena, usimwandikie "wifi". Andika "mume".