Kivuli cha Mjomba Twiga

Chumba cha nyuma, ghorofa ya pili,
Nyumba za Wafanyakazi wa Bandari.
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na wale mapacha wako, bado wanagombania kiti cha dirishani au wamekua na akili? Kile kikohozi chako kimekuacha? Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yangu, huyo shangazi yako, goti linamsumbua lakini mdomo ni mzima kabisa. Mama yako sasa anakula, kidogo kidogo, na jana alimgombeza fundi bomba mpaka jamaa akasahau spana yake. Nilifurahi sana kumsikia anafoka.

Najua unajiuliza kwa nini naandika wakati simu zipo. Nimekupigia mara tatu kwa ajili ya jambo hili, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza hali ya hewa. Kwa mdomo siliwezi, Dada. Vumilia mwandiko wangu.

Kazi yangu unaijua juu juu. Wewe na baba yako mlizoea kunitania kwamba nalipwa kwa kutazama televisheni. Ile mashine ya sona tunaiburuta majini nyuma ya boti. Inatuma sauti chini, sauti ikigonga kitu inarudi, na mimi naona picha kwenye skrini. Maji ya gatini ni tope tupu, mpiga mbizi haoni hata kiganja chake, kwa hiyo kabla meli haijaingia tunakagua kwa sauti: kuna kilichozama? Kuna kilichopachikwa mahali pasipostahili? Siku nyingi naona matairi.

Kitu chenyewe mara nyingi hakionekani vizuri. Kinachoonekana ni kivuli chake, na kivuli hurefuka, kama chako unaporudi nyumbani jioni. Ndiyo maana kila kivuli lazima kipigiwe hesabu, ndipo ujue urefu wa kweli wa kitu chenyewe. Hilo ni somo la siku ya kwanza kazini.

Ile Jumanne ambayo baba yako hakuonekana tena baada ya kufunga kamba za meli ya asubuhi, mkuu wangu wa kitengo alitaka mtu mwingine akae kwenye mashine. Aliniambia, "Huyu ni mjomba wako. Kapumzike." Nikakataa. Nikamwambia hakuna anayemjua mzee yule kama mimi. Na kweli nilimjua, hapo ndipo nilipoharibu.

Nilipata vivuli kumi na moja. Kumi nilivipigia hesabu. Kimoja, kando ya nguzo za gati la zamani, kilikuwa chembamba na kirefu, zaidi ya mita tatu. Nilikitazama nikamfikiria mjomba, mtu aliyeitwa Twiga kwa utani, kwa sababu alihitaji stuli kufungua kabati la jikoni. Mtu aliyejitambulisha kwa wageni, "Mita moja na nusu, na sentimita nne za heshima." Nikaandika: nguzo. Nafasi ya hesabu nikaiacha tupu. Mtu baki, asiyemjua, angekipigia hesabu kama vile vingine.

Ndipo nikakupigia simu, nikakwambia hayumo majini, nimeangalia mwenyewe. Kwa neno langu hilo watu wakaacha kumtafuta majini, wakahamia hospitali na vituo vya polisi, na wewe ukaahirisha safari, uje tukishampata mzima. Mama yako alinishika mikono yote miwili akanishukuru. Kila jioni alimwekea mumewe sahani mezani. Nami nilikula hapo hapo, mbele ya sahani hiyo.

Siku ya sita mkuu alinirudishia ripoti. Hakuwa na shaka yoyote; alitaka tu ile nafasi moja ijazwe, faili lifungwe. Nikachukua kalkuleta. Jibu likaja mita moja na nusu. Nikarudia, likaja lile lile. Nikamwendea mkuu, nikamwambia aite mpiga mbizi.

Walimpata kabla ya saa sita mchana. Alikuwa amesimama, Dada, ameegemea nguzo, kamba imemshika kiunoni. Tulimzika siku hiyo hiyo kwa kuwa hali yake haikuruhusu tukungoje. Uliambiwa daktari ndiye aliyeamua hivyo. Daktari alisema kweli, lakini siku sita zile ni zangu mimi.

Huku nyumbani hakuna anayejua. Nimeona wewe ujue kwanza, maana ni wewe uliyekosa kumzika baba yako, halafu nitajikaza nimwambie mama yako uso kwa uso. Sikuandikii ili unitulize. Ukitaka kufoka, foka, umerithi kifua cha mama yako. Ukitaka kunyamaza mwaka mzima, nitakusubiri. Ila naumia, na sasa kila kivuli kwenye skrini nakipigia hesabu mara mbili. Kesho kuna meli mbili.

Nisalimie shemeji. Mapacha waambie nimeitunza ile stuli ya babu yao, hakuna anayeikalia. Shangazi yako anakusalimu sana. Mama yako naye anasema uvae nguo nzito, kana kwamba una miaka saba. Wafunga kamba wote wa gatini wanakupa pole.

Tena kuna hili. Ripoti nimeisahihisha kwa mkono wangu. Neno "nguzo" nimelifuta, na kwenye urefu nimeandika mita 1.54. Mkuu akaniuliza hizo sentimita nne nimezitoa wapi, maana mashine yetu haipimi mpaka huko. Nikamwambia ni za heshima. Akaweka sahihi.

Mungu akufunike kwa mema, Dada, wewe na wote wa nyumba yako.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na niliyekukosea.