Gitare Yako Niliitundika Juu ya Moto

Lweba, saa nne ya asubuhi

Yaya Wilondja, kaka yangu,

Ni mi, mudogo wako Apendeki. Nimekaa juu ya mutumbwi uliopinduliwa, mbele ya nyumba ya Fundi Asukulu, yule mwenye kuchonga mitumbwi. Mukono wa kushoto umeshika kamba ya mbuzi, wa kuume umeshika kalamu. Gitare yako iko ndani, juu ya meza ya fundi, naye anangoja jibu langu. Nimemuambia, ngoja kwanza, niko na mutu wa kuuliza. Hakuuliza ni nani.

Acha nikuambie kosa langu mi mwenyewe.

Tulipokuzika, batu bakarudi kwao Nundu na Swima, gitare ikabaki kwenye kona yako. Nikaogopa muchwa. Unaijua muchwa ya nyumba yetu, ilikula sanduku ya Mama pamoja na kitabu chake cha sala. Basi nikafanya vile Mama alitufundisha kufanya na kitu chenye hatutaki kipotee. Nikaitundika juu ya mafiga, kwenye miti tunapofungia mahindi ya mbegu, moshi ifukuze vidudu. Miezi mitano, yaya! Kila nikipika nilikuwa naitazama na kujisifu: angalia Apendeki, anajua kuchunga kitu ya kaka yake.

Juma iliyopita niliishusha. Kale kaubao kadogo kenye kushika nyuzi kalibaki mukononi mwangu. Uso wa gitare umepasuka kuanzia kwenye tundu mpaka chini, na shingo inacheza kama jino la muzee. Ile gitare yenye ulitoka nayo Albertville kwa meli, ulipomaliza kontra yako ya kazi bandarini, umeibeba kifuani kama mutoto. Nilikaa chini nikalia kuliko siku ya kaburi, sikufichi. Wewe, Mungu ndiye alikuchukua. Gitare, ni mi.

Juzi niliileta kwa fundi; aliigeuzageuza, akanusa ndani ya tundu, akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Mama, mahindi inapenda moshi," akaniambia. "Kole haipendi moto." Kole ndiyo gundi iliyokuwa inashika zile mbao zote, na mi nimeipika miezi mitano. Anasema anaweza kuitengeneza: kole mupya, ubao mwembamba wa kufunga ufa kwa ndani, shingo irudi mahali pake. Lakini hakunidanganya. Itaimba, ila sauti haitakuwa ile yenye batu banaijua. Tena imezeeka, inaweza kufunguka mwaka huu huu. Na malipo ni mbuzi nzima, ahadi hataki.

Nyumba yetu iko na mbuzi moja tu, na ni ya matanga yako. Tunamaliza matanga siku ya Mungu ya pili kutoka leo.

Shangazi Mapenzi aliposikia nataka kuleta mbuzi huku, alipiga makofi mara mbili. "Aa-aa! Batu batoke Swima kwa miguu, tubape nini? Batafune nyuzi?" Akasema nitafanya kaburi ya Wilondja kuwa kichekesho. Akasema na mengine, siyaandiki. Na siyo mutu mubaya, unamujua. Ndiye alikunywesha uji kwa kijiko zile siku za homa, mi nikishindwa hata kukuangalia. Akiniambia kitu juu yako, namusikiliza.

Lakini yaya, ni matanga gani ya inchi hii ulikosa kwenda na gitare? Kwa matanga ya Mama ulipiga mpaka kidole kikatoka damu. Bakikuletea nyama ulisukuma sahani: "Bape batoto. Nyuzi haishikwi na mikono ya mafuta." Sasa kwako wewe, batu bale mbuzi, bapanguse midomo, barudi kwao, na hakuna hata uzi mumoja umelia?

Halafu kuna ingine inayonisumbua zaidi. Ile siku ya Mama, tukichuma majani ya sombe nyuma ya nyumba, ulisema: "Mufu hana tumbo, hana sikio. Haya yote tunajifanyia sisi." Nilikasirika, nikakuambia funga mudomo. Sasa ile neno imenirudia. Kama ni vile, nyama si yako na gitare si yako. Basi pengine nachukua nyama ya Shangazi na ya batoto ili kunawa hii mikono yangu yenye moshi, na kusingizia jina lako. Sijui, yaya. Ungekuwa hapa ungenicheka, na kwa kicheko chako ningejua.

Unakumbuka siku pamba yote ililowa na mvua, hakuna kazi? Ulinishika vidole kimoja kimoja, ukanifundisha wimbo mumoja. Shangazi akapita akasema mwanamuke hashiki gitare. Ukamujibu: "Shangazi, vidole havivai suruali!" Naye akacheka, akaficha mudomo na kitenge. Ule wimbo naujua mpaka leo. Vibaya, lakini naujua.

Mbuzi imeanza kutafuna pindo la kitenge yangu. Fundi amekohoa mara ya pili.

Basi. Nampa kamba. Bado sijui kama nafanya vizuri, ila najua siwezi kurudi nyumbani na ile gitare imenyamaza. Shangazi nitamuambia leo, nimepiga magoti. Tutapika sombe na tusamaki tudogo twa ndakala, sufuria zote mbili kubwa, na mwenye kutaka kunisema ataniona, maana nitakuwa nimekaa mbele ya batu bote, kwenye kiti chako kifupi, gitare yako kwenye mapaja. Mi, mwanamuke, na wimbo wangu mumoja.

Nakuahidi, yaya, haitatundikwa tena. Kama ni kufunguka, ifunguke mikononi mwangu, batu banasikia, ikiwa inaimba.

Lala vizuri. Ukimuona Mama, muambie mahindi ya mbegu iko salama.

Mudogo wako,
Apendeki