Bomba Mbili kwa Kila Birika

Halima mjukuu wangu, asalaam aleikum. Huku Garissa tuko wazima, mbuzi wamezaa.

Swali lako limenifurahisha! Swichi za chini za mtandao wa kompyuta unaoufunga kwa ile hospitali, mkubwa wako wa kazi anataka ziunganishwe zenyewe kwa zenyewe? Na kitabu cha mwongozo wa hizo swichi kinakataza? Wallahi kataa! Kila moja ifunge kwa zile swichi mbili kuu za juu.

Nikiwa kibarua Elwak, nilifungia kila birika ya kunyweshea ngamia bomba mbili, kutoka tangi mbili tofauti. Mwenye ngamia akafoka, "Wewe! Birika ipitishie birika maji, unamaliza bomba zangu!"

Kiangazi tangi moja ikapasuka. Ngamia wote wakanywa maji ya tangi ya pili! Yule mzee mwenye ngamia akacheka: "Kijana, umeoa?"

Binti yake ndiye nyanya yako, Mungu amrehemu. Funga mbili, mama!

Babu yako, Abdi