Mbegu za Noeli Kivukoni

Kivukoni, 18 Novemba 1906

Dada Yosefina,

Shikamoo dada. Pokea salamu zangu na za mwanao Evaristo, ambaye ameota jino la pili na ananiuma nalo wakati hata cha kunyonya hakuna. Habari za mlimani? Mgongo wako unaendeleaje na hayo masufuria ya misheni? Sisi tungali hai, na mwaka huu hiyo ndiyo afya.

Naandika upesi kwa kuwa wauza chumvi wanaopanda huko wanaondoka leo. Dada, huku hakuna chakula. Tangu askari wachome maghala yetu tunachimba viazi vya yungiyungi majini, na navyo vinakwisha. Mvua imeanza, ardhi imelainika, lakini hakuna mwenye hata konzi ya mbegu. Tusipopanda sasa, mwaka kesho hutakuwa na wa kumwandikia.

Shemeji yako Raimundi bado yuko kwenye matete. Unajua alikunywa maji ya vita pamoja na wenzake, ijapokuwa alibatizwa mwezi ule ule tuliofunga ndoa. Nampelekea viazi nikijifanya naenda kuteka maji. Miguu imemvimba. Boma limetangaza kwamba atakayetoka na kusalimisha silaha atasamehewa. Jirani yetu Fulgensi alitoka. Mkewe anamngoja mpaka leo.

Nimesikia kanisa litagawa mbegu siku ya Noeli. Ni kweli? Na hao wanaogawa, watamuuliza mtu mumewe yuko wapi?

Mdogo wako,
Balbina

*

Misheni, 29 Novemba 1906

Mdogo wangu Balbina,

Marahaba mama. Mwanangu Evaristo hajambo? Mgongo upo, unauma, lakini unainama. Nimesoma barua yako jikoni, nikasingizia moshi.

Ni kweli. Jumapili Padri alituambia hatuwezi kula Noeli tukiwa tumewapa mgongo watu wa bondeni. Akauliza tutoe nini. Kila mtu akatazama miguu yake. Ndipo mzee Hermenegildi, yule mchoyo unayemjua, akasimama akasema, "Mimi mwaka huu sili nyama ya Noeli. Na ninyi msinionee huruma, toeni." Kanisa zima likacheka. Toka hapo kila nyumba inatenga mpunga wa mbegu, na akina mama tunashona nguo za watoto kwa vitambaa vya zamani.

Basi njoo. Panda mlima wewe na mtoto, na Raimundi aje nawe. Padri atasema naye, kisha atamsindikiza bomani yeye mwenyewe. Usiogope, kanisa ni nyumba yako, hata kama kwenye mafundisho ulikuwa unasinzia.

Dada yako,
Yosefina

*

Kivukoni, 8 Desemba 1906

Dada Yosefina,

Shikamoo. Huku tu wazima kidogo. Mtoto ana homa za meno, mimi nina hofu tu.

Dada, usinikasirikie. Sitakuja. Njia ya kupanda huko inapita mbele ya boma, na Raimundi hawezi kupita pale kwa miguu ile wala kwa uso ule. Wanawake wa hapa nao hakuna atakayekwenda. Nilipowaambia, shangazi yake Raimundi alinijibu mbele ya wote: "Kanisa lenu linapenda watu, ila linawapenda kutoka juu. Mwenye njaa ndiye apande mlima, mwenye shibe amngoje?" Wakacheka. Nami nilicheka.

Mwambie Padri, kwa adabu, kama upendo unataka kutuona ushuke mtoni. Uje bila askari. Akija askari mmoja tu, Raimundi ataingia ndani zaidi kwenye matete, kule kwenye mamba, na sitampata tena.

Mdogo wako,
Balbina

*

Misheni, 16 Desemba 1906

Mdogo wangu,

Hamjambo wote? Homa ya mtoto imeshuka? Mpake mafuta ya nyonyo, usimfunike sana.

Maneno ya shangazi nilimfikishia Padri kama yalivyo, sikuyapunguza. Akasema, "Mama huyo ana haki." Boma lilitaka kuwapa wabebaji wetu askari wa kuwalinda. Padri amekataa. Anakuja mwalimu wetu wa dini, Ildefonce, na vijana wa kwaya wamebeba mizigo vichwani. Watafika kwenu kabla ya mkesha wa Noeli. Hawatauliza jina la mtu wala mume wa mtu, nimewaapisha mwenyewe.

Ildefonce ni mpole, hata kuku anawaomba radhi. Kusanya watu. Na Raimundi awe karibu aone kwa macho yake.

Dada yako,
Yosefina

*

Kivukoni, 27 Desemba 1906

Dada Yosefina,

Shikamoo dada. Sisi ni wazima, na usome mpaka mwisho kabla hujalia.

Walifika. Watu walikuja wengi, na vikapu. Raimundi alikuwa nyuma ya matete, nilijua alipo kwa jinsi ndege walivyoondoka. Ildefonce akapanga mbegu mchangani, akatushukuru kwa kumpokea, akasali vizuri. Kisha akatoa kibuyu cha maji ya baraka, akachovya kitawi cha majani, akaanza kuzinyunyizia mbegu.

Dada, ninyi huko mlimani mnabariki mbegu hivyo kila mwaka, hamwoni kitu. Lakini huku, yule mganga wa vita alikuja hivyo hivyo. Kibuyu hivyo, kitawi hivyo, na maneno mazuri hivyo. Tukanyunyiziwa, wanaume wakanywa, wakaambiwa risasi zitayeyuka. Unajua tuliwazika wangapi.

Hakuna aliyepiga kelele. Shangazi aliinama akachukua kikapu chake kitupu, akasema, "Haya tumeshayanywa." Akaondoka. Wakamfuata wote, wameshika watoto mikono. Kule kwenye matete ndege waliruka tena, mbali zaidi. Ildefonce akabaki na kitawi mkononi, ananiuliza, "Mama Evaristo, nimekosa nini?"

Nilimweleza. Akakaa chini mchangani. Nami nilikaa, nikafikiri tu kwamba Raimundi amekwenda kwenye mamba na mbegu zimekaa pale kama sumu. Halafu nikakumbuka jambo ambalo hata mtoto wa huku analijua: chakula kilicholetwa na mgeni, mgeni mwenyewe hukila kwanza. Hata pombe, mwenyeji huonja mbele yako. Yeye alitoa bila kuonja.

Nikamwambia, "Mwalimu, twanga konzi ya hizo mbegu, upike kwa maji hayo hayo, ule." Akasema mbegu zilizobarikiwa za kupanda haziliwi. Nikamwambia, "Basi rudi nazo." Akatwanga. Mwanamume anatwanga, dada, na anatwanga vibaya, mpaka wasichana wakatoka milangoni kumcheka. Akapika, akala mbele ya watu, na vijana wake wakala. Shangazi akasema kwa mbali, "Hao ni wa kwao. Dawa yao haiwadhuru."

Hapo nikala mimi. Watu wakaendelea kunitazama tu. Basi nikamlisha Evaristo.

Usinigombeze. Nilimlisha kwa haraka hata nikamchafua pua. Alimaliza akalilia zaidi. Watu walikaa siku nzima wakimtazama mwanangu kama wanavyotazama chungu kinachokaribia kuchemka. Kila alipofumba macho nilimtikisa. Asubuhi ya Noeli alikuwa akitambaa anafukuza kuku wa mwisho kijijini. Shangazi akaja na kikapu chake. Akakishusha mbele ya Ildefonce, naye akamjazia. Wakaja wote.

Na mchana, tukiimba, Raimundi akatoka majini; kumbe alikuwa amerudi karibu, akaona yote. Hakuna aliyemkimbilia, tulimwogopa alivyokonda. Akala. Kisha akasema atapanda mlima na Ildefonce akajisalimishe. Nilimshika miguu. Akaniambia, "Nikibaki mafichoni, siku moja watakukamata wewe shambani kwa kunificha. Mtu aliyekula kwanza mbele yangu nitamfuata." Wameondoka jana.

Dada, wakifika tu, niandikie. Hata neno moja.

Mdogo wako,
Balbina

*

Kivukoni, 22 Januari 1907

Dada Yosefina,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Mpunga umeota.

Wauza chumvi wamekuja mara mbili mikono mitupu, bila barua yako. Watu wameacha kuniuliza habari za Raimundi. Wakiniona wanazungumza habari za mvua. Mke wa Fulgensi ndiye peke yake anayekuja kukaa nami, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Kama ni habari mbaya, niandikie hata hiyo.

Mdogo wako,
Balbina

*

Misheni, 10 Februari 1907

Mdogo wangu,

Nisamehe, mama. Sikutaka kukuandikia la kusikia. Nilingoja mpaka nimwone kwa macho yangu, na leo nimemwona.

Yu hai. Padri alikwenda naye bomani, akakaa mlangoni tangu asubuhi mpaka walipotoa hukumu. Hawatamwua. Wamempa kazi ya kubeba mawe ya barabara mpaka Pasaka ipite. Wafungwa hawalishwi vya kutosha, kwa hiyo tumepanga zamu, kila nyumba na siku yake. Hermenegildi anapeleka Jumatano, na anaonja mbele ya walinzi na wafungwa wote, kwa mbwembwe, mpaka chakula kinapungua. Nimeuliza habari za Fulgensi kwa ajili ya mkewe. Hakuna anayejua, na Padri hajaacha kuuliza.

Leo ilikuwa zamu yangu. Uvimbe wa miguu ya mumeo umenywea. Aliniuliza kama mpunga umepaliliwa. Nikamwambia nitakuuliza.

Dada yako,
Yosefina

*

Kivukoni, 19 Februari 1907

Dada Yosefina,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma kwa sauti, watu wote wakasikiliza, na shangazi akataka nirudie pale pa mawe na Pasaka.

Mwambie umepaliliwa. Upande wa mtoni nilipalilia mimi, Evaristo mgongoni. Upande wa juu nilipofika nilikuta mke wa Fulgensi ameshamaliza. Mpunga ukikomaa ndege watakuja, kwa hiyo shangazi ameanza kujenga dungu la kuamia, kibanda cha juu cha kukaa na kufukuza ndege. Analijenga pana mno, mimi na mtoto tungelala humo na mbuzi wawili. Nilimuuliza mbona pana hivyo.

Akasema, "Raimundi ana miguu mirefu."

Mdogo wako,
Balbina